Nilivyomshukuru Mungu kwa Mvua Isiyonyesha

Vijana wangu wa kitengo cha habari, mlikuja nyumbani na simu tatu na ile taa yenu ya duara, mkataka nikae kwenye kochi niwape "historia fupi ya blogu ya kanisa letu". Nikawaambia rudini na taa yenu, nitaandika. Mbele ya kamera huwa nasema uongo wa heshima, na nyie mngeurusha uongo huo Simiyu nzima. Haya, nimeandika. Ufupi sijauweza, na heshima nimepunguza.

Naanza na wivu. Mimi Maduhu, karani mstaafu wa ofisi ya kanisa hapa Bariadi, niliyeandika blogu ile miaka kumi na miwili, nilikuwa mtu wa wivu. Mlipokuwa mnaniona asubuhi nimeinamia kompyuta mkasema mzee yuko kwenye maombi, mara nyingi nilikuwa nasoma blogu ya mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa Mama Neema, muuguzi wa kituo cha afya, mzaliwa wa Njombe, aliyeletwa huku na kazi ya serikali. Hata leo nikisikia jina lake naweka sawa kola.

Lakini kwanza niwape kazi yenyewe, maana mtataka kujifunza kitu.

Sikusomea kuandika. Nilijua kupiga taipu haraka tu, ujuzi nilioupata ujanani katika ofisi ya kiwanda cha kuchambulia pamba. Mchungaji aliposema kanisa liwe na blogu, macho yote ya kikao yakanigeukia kwa sababu ya vidole vyangu. Aliyenifundisha kuandika ni Mwalimu Kulwa, mzee wa kanisa, aliyefundisha shule ya msingi mpaka chaki ikamkausha kifua. Nilimpelekea somo langu la kwanza, kurasa nne, vichwa vitatu, na vifungu ishirini vya Biblia. Akaita mkewe, aliyekuwa anachambua mchele kwenye ungo, akaanza kumsomea kwa sauti. Mama yule aliendelea kuchambua. Mwalimu akasoma mpaka mwisho, mawe yote ya mchele yakawa yameisha.

"Umeona mikono yake?" akaniuliza. "Haikusimama hata mara moja. Nenda kaandike tena."

Hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu miaka yote Mwalimu alipokuwa hai. Mikono ikisimama kwenye ungo, tunarusha. Isiposimama, narudi mezani. Nyie mnaangalia namba za waliofungua ukurasa. Namba hazijui kama mtu amesimamisha mikono.

Mengine niliyajua kwa kuumia. Usiweke picha kubwa, utammalizia mtu bando kabla hajafika kwenye neno. Andika kifungu cha Biblia chote, usitaje sura na mstari tu, maana msomaji yuko shambani Mkula na Biblia iko nyumbani kabatini. Wakati wa kuvuna pamba andika kidogo, watu wamechoka. Usiseme "kama tulivyoona juma lililopita", kwa sababu aliyekufikia leo hakuwepo juma lililopita na atajiona mgeni mlangoni.

Na kabla ya kurusha, shuka mpaka chini kabisa ya ukurasa. Siku moja nilirusha somo juu ya uvumilivu, nikasahau kufuta vipimo vya sare za kwaya nilivyokuwa nimevihifadhi pale pale. Somo likaishia na maneno "Bwana atakutia nguvu", halafu "Mama Limi kiuno thelathini na nane, Mama Kwangu mikono iongezwe". Maoni ya kwanza yaliyoingia chini yake yalisema, "Amina mtumishi, neno limenigusa." Mama Limi hakunisalimia mwezi mzima.

Nilicheka, lakini sikujifunza. Ilikuwa inanionyesha kwamba watu wanasema Amina bila kusoma, na mimi nilikuwa nazipenda zile Amina. Nilizihesabu.

Sasa Mama Neema. Alikuja ofisini mwenyewe, bado amevaa sare nyeupe, akaniamkia vizuri, akaniomba nimwonyeshe blogu inafunguliwaje. Nikamfungulia. Nikamchagulia hata rangi. Nikamwambia kwa ukarimu wote wa mtu asiyejua yajayo, "Mwanangu, usikate tamaa wasomaji wakiwa wachache."

Yule mama hakuwa na vichwa vitatu. Hakuwa hata na kimoja. Aliandika mambo kama haya: "Leo kazini tumempoteza mtoto mdogo. Nimetaka kuomba nikashindwa. Wewe uliyeweza kuomba leo, niongeze na mimi." Basi, amemaliza. Nilipoisoma nikasema, hili nalo ni somo? Liko wapi fundisho? Nikashuka kwenye maoni nikakuta watu wameandika habari za maisha yao, aya kwa aya. Mtu wa Kalemela kaeleza alivyopoteza mtoto ziwani na hakuwahi kumwambia mtu. Mwingine kasema amerudi kuomba baada ya miaka mingi. Kwangu siku hiyo hiyo, chini ya somo la "Nguzo Tatu za Imani", kulikuwa na Amina tano na mtu mmoja aliyeuliza kama tunauza vifaranga.

Iliniuma. Sitaki kuiita jina lingine. Nilianza kufungua blogu yake kila asubuhi kabla ya yangu, najidai nakagua makosa ya herufi. Nikikuta kosa nafurahi. Nikiwa sokoni kina mama wananiuliza, "Baba, si wewe unayemfahamu Mama Neema?" Tulikwenda semina Mkula, mchungaji akanitambulisha kuwa mimi ndiye mtu wa blogu. Kijana mmoja akaruka kutoka benchi la nyuma, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yako karibu, akasema aliacha pombe kwa kusoma. Moyo ukanipanda. Nikamuuliza ni somo lipi hasa.

Akasema, "Lile la mgonjwa aliyeomba maji. Kwani wewe ni mume wake Mama Neema?"

Nilikula chakula cha semina bila kujua ni wali au ugali.

Niliporudi niliandika somo lililoitwa "Hatari ya Ushuhuda Usio na Mafundisho". Sikumtaja mtu. Kila mtu alijua. Asubuhi yake Mama Neema akaweka maoni chini: "Asante baba, nimejifunza. Niombee." Ningepona haraka zaidi kama angenitukana.

Ndipo ukaja ule mwaka wa ukame.

Mimi nilikuwa na desturi ya kuweka akiba. Nilikuwa naandika masomo mengi wakati wa nafasi, nayapangia siku, kompyuta inayarusha yenyewe. Huku kwetu mvua za kupandia zikishika, makanisa hutoa shukrani, watu huleta mbegu ziombewe. Kwa hiyo kila mwaka niliandaa mapema sala ya shukrani ya mvua, nikaipangia Jumapili ambayo kwa kawaida mashamba yanakuwa yameshalowa. Mwaka huo niliitungia kwa bidii ya pekee. Nilitaka mikono isimame, hata ya Mama Neema. Sala ilikuwa hivi:

"Bwana, umefungua mbingu juu ya mashamba yetu. Ardhi iliyokuwa imefunga kinywa imekunywa. Ng'ombe wamesikia harufu ya maji kabla yetu, nao wamekushukuru kwanza. Sisi tumechelewa, tupokee hivyo hivyo."

Nikaipangia siku, nikaenda Mwanza kutibiwa jicho. Wakanifunga bandeji, wakanikataza simu. Nikalala huko wiki mbili nikijua kazi inajifanya yenyewe.

Mvua haikunyesha. Haikunyesha Bariadi, haikunyesha Meatu. Watu walikuwa wanawainua ng'ombe kwa mikia kuwasimamisha, na wasiosimama waliachwa pale pale. Na Jumapili ile, juu ya ardhi iliyopasuka, blogu ya kanisa ikamshukuru Mungu kwa mvua.

Niliporudi na jicho moja la kusomea, nilifungua nikaona. Kitu cha kwanza nilichokiona ni Amina. Zilikuwa nyingi kuliko siku zote. Watu waliokuwa wanazika ng'ombe walikuwa wamesema Amina kwa mvua ambayo haikuwepo. Katikati yake kulikuwa na maoni ya mtu mmoja tu aliyesoma kweli. Alijiandika Masanja wa Bukundi.

"Mvua gani, mtumishi? Kwetu ng'ombe wamekwisha. Kama Mungu anapokea shukrani za mvua hii, basi hatuoni. Nijibu, maana naacha kusali."

Wanangu, mtu alisema naacha kusali. Alisema nijibu. Nami nilikuwa karani wa kanisa, mwenye vidole vya haraka kuliko wote wilayani. Nikavitumia kufuta. Nilifuta sala, na swali lake likaondoka pamoja nayo. Nilijiambia ananidhihaki. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na juu ya aibu nilimwogopa Mama Neema asije akaona.

Alikuwa ameshaona, na sala alikuwa ameshainakili. Masanja alipokosa jibu kwangu alimpelekea yeye swali lile lile. Siku ya pili nikafungua blogu yake, nikakuta sala yangu. Yote, neno kwa neno. Juu yake aliandika: "Mtu ameandika sala hii na mvua bado. Ndugu yangu wa Bukundi ameuliza, mvua gani? Sijui. Mimi pia naangalia juu kila asubuhi. Lakini tusiitupe sala. Tuifiche kama mbegu, tuisome siku yake ikifika. Mpaka hapo, ndugu yangu, usiposali, mimi nitasali kwa niaba yako." Chini yake watu walikuwa wameandika mpaka nikachoka kushuka.

Hapo mtu mwenye akili angelia. Mimi nilivaa koti nikaenda kituo cha afya.

Nilipanga foleni kama mgonjwa, kati ya mama mwenye mimba na mzee mwenye kikohozi. Zamu yangu ilipofika akanikalisha, akanifunga mkono kile kitambaa cha presha kabla sijafungua mdomo.

"Shikamoo, baba. Jicho linaendeleaje?"

"Umeniibia sala."

Alitazama kipimo kwanza. "Presha yako iko juu, baba."

"Umeniibia sala yangu, na jina langu hukuweka."

"Sikuweka jina ili wasikucheke," akasema taratibu, ili yule mzee wa kikohozi asisikie. "Watu walikuwa na hasira na aliyeiandika. Ila ni sala nzuri. Ile ya ng'ombe kushukuru kwanza, niliisoma nikasimamisha kazi niliyokuwa nayo mkononi."

Mikono yake ilisimama, mnaona? Kile nilichokitaka miaka yote alinipa pale, bure, na kitambaa cha presha mkononi. Wivu ni ugonjwa mbaya. Sikukisikia. Nikasema, "Iondoe leo."

Akaniangalia kidogo, akasema, "Sawa, baba." Jioni hakukuwa na sala, na maoni yote ya watu yakawa yameondoka nayo. Nikalala vizuri. Naona vibaya kuandika hivyo, lakini nililala vizuri.

Mwaka uliofuata akahamishiwa mkoa mwingine. Akawa anaandika mara moja moja, halafu akanyamaza. Mimi nikaendelea mpaka jicho la pili likaanza kuchoka. Mkaniaga kwa keki na shuka. Kwenye hotuba mkasema nimegusa maisha ya wengi, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, na moyoni nikajiuliza, ni nani? Nitajieni mmoja. Nilikuwa namaanisha, nilitaka mmoja tu.

Mwaka jana nikaenda Bukundi, mpwa wangu alikuwa anaoa na tulikwenda kuzungumza ng'ombe wa mahari. Upande wa bibi harusi wakanipangia kulala kwa jirani yao, mtu wa makamo, mpole, mwenye zizi jipya. Masanja. Sikushtuka, akina Masanja Usukumani hawahesabiki.

Asubuhi tukasalimiana kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," "Mwangaluka, ngosha," tukakaa barazani. Mkewe alikuwa na ungo wa choroko. Mawingu yalikuwa yamejaa tangu alfajiri, na kabla chai haijaisha mvua ya kwanza ikapiga bati. Masanja akainuka, akaingia ndani, akatoka na daftari kubwa la kaunta lenye jalada lililofungwa kwa kipande cha gunia. Majirani wawili wakavuka mbio uwanjani, wakaja kusimama nasi, nguo zimelowa. Nikaona ni jambo walilolizoea.

Akafungua, akasoma kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kisukuma kwa ajili ya mama yake aliyekaa mlangoni.

"Bwana, umefungua mbingu juu ya mashamba yetu."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Alipofika kwa ng'ombe waliosikia harufu ya maji kabla yetu, nikamtazama mkewe. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya choroko. Bibi kizee pale mlangoni akashukuru, "Wabeja, Mulungu, wabeja," na mmoja wa wale majirani akajifuta uso ambao tayari ulikuwa umelowa mvua.

Walipomaliza nikauliza maneno hayo wameyatoa wapi.

"Kwa Mama Neema," Masanja akasema, uso ukimng'aa. "Muuguzi fulani, aliiweka kwenye mtandao. Hatujawahi kumwona. Mwaka ule wa ukame mimi nilikuwa nimeacha kusali, mzee. Nilibaki na ng'ombe wawili. Akaniambia atasali kwa niaba yangu. Bando lilikuwa linaisha, nikainakili sala haraka haraka kwenye daftari, na kesho yake nikakuta imefutwa kule. Ila huku ilikuwa imeshaingia. Jumatano watu wanakuja hapa, nawasomea na mengine yake."

Akanionyesha. Daftari zima, kwa mwandiko wa kalamu ya bluu, lilikuwa Mama Neema. Yule mgonjwa aliyeomba maji. Yule mtoto. Nilifunua kurasa zote nikitafuta hata sentensi moja ya "Nguzo Tatu za Imani". Chini ya sala ya mvua palikuwa na jina lake, na vimstari vidogo, kimoja kwa kila mwaka iliposomwa.

Wivu ukanifungua mdomo. "Sala hii ni yangu," nikasema. "Niliiandika mimi. Kwenye blogu ya kanisa, Bariadi."

Mvua ilikuwa inapiga bati, nikadhani hakusikia. Alikuwa amesikia.

"Basi ndiwe uliyefuta swali langu," akasema.

Hakusema kwa ukali. Mkewe akaweka ungo chini. Nilitafuta uongo wa heshima, ule wa kamera, sikuupata.

"Ndimi."

Akachomoa kalamu mfukoni mwa shati, akaiweka juu ya daftari, akanisogezea. "Kama ni yako, andika jina lako. Sala ya mtu isikae bila mwenyewe."

Nilikuwa nalitaka jina hilo pale, wanangu. Miaka kumi na miwili nilikuwa naitaka nafasi ile, mstari mmoja katika daftari la mtu mmoja. Niliishika kalamu mpaka vidole vikanikauka. Nikasogeza daftari karibu na jicho langu lenye nafuu, na chini ya sala, chini ya jina la Mama Neema, nikaandika kwa mwandiko wa karani:

"Mvua gani, mtumishi? Kwetu ng'ombe wamekwisha. Kama Mungu anapokea shukrani za mvua hii, basi hatuoni. Nijibu, maana naacha kusali. Masanja wa Bukundi."

Lote, kama alivyoliandika. Sikuwa nimelisahau hata neno. Nikachora na kimstari cha mwaka ule wa ukame, nikamrudishia daftari lake.

Akasoma polepole. Akasoma tena. Halafu akamwambia mkewe aniongeze chai.

Jina langu halimo mle ndani. Nilitaka liwemo, na hata sasa ninapowaandikia, bado nataka.